Afya ya Nyumbani: Damu Katika Mswaki

Mwezi huu hatuna budi kuanza kwa kulisahihisha neno letu wenyewe. Miezi michache iliyopita mwalimu mmoja alituuliza hivi: "Bwana Mtengenezaji, kila asubuhi nipigapo mswaki fizi zangu hutoka damu, wala sioni maumivu yo yote. Nifanyeje?" Nasi tulimjibu kwa mistari miwili, ya kwamba auache mswaki kwa siku kadhaa fizi zipate kupumzika, naye asukutue kwa maji ya chumvi. Jibu hilo tulilitoa upesi, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, na kwa kuwa ndilo tulilolisikia tangu utoto. Sasa mwalimu yule ametuandikia tena. Aliufuata ushauri wetu kupita tulivyokusudia: aliuacha mswaki si siku kadhaa, bali karibu miezi miwili, maana kila alipojaribu kuurudia alitoka damu nyingi kuliko kwanza, akaona kwamba fizi hazijapumzika bado. Hata mkewe alipomwambia kwamba kinywa chake chanuka, ndipo alipokwenda kwa daktari wa meno. Daktari akamwonyesha katika kioo jino moja la mbele la chini linalotikisika, akamwambia kwamba ugonjwa ule ulikuwa wa miaka, lakini ile miezi miwili iliuongezea nguvu.

Basi twakiri waziwazi: tulikosa. Wote waliolisoma jibu lile na kulishika, na waliache leo. Ufizi utokao damu hautaki kuachwa, wataka kusafishwa.

Twajua kwa nini watu wengi hudhani kinyume. Mtu akijikata kwa jembe mguuni, huufunga mguu, akaupumzisha, ukapona. Naye aonapo damu katika mswaki hudhani kwamba mswaki ndio jembe. Lakini mswaki ule ule laini ukipita juu ya ufizi mzima hautoi damu. Mswaki haukulifanya jeraha. Umeligusa tu jeraha lililokuwapo. Aliyelifanya ni ukoga.

Ukoga ni ule utando laini ambao mtu huusikia kwa ulimi aamkapo, na akiukwangua kwa ukucha huonekana mweupe au wa manjano. Hujifanya upya katika kila kinywa, cha tajiri na cha maskini, saa chache tu baada ya kusafishwa. Wengi hudhani kwamba ni mabaki ya chakula, kumbe sehemu yake kubwa ni vijidudu vilivyo hai. Wa kwanza kuviona alikuwa mfanyi biashara wa nguo wa mji wa Delft katika Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, aliyekuwa akijitengenezea vioo vya kukuzia vitu. Mwaka 1683 aliandika habari za utando alioutoa katikati ya meno yake mwenyewe: alipoutia katika tone la maji, akaona viumbe vidogo vikienda huku na huku. Naye si mtu mchafu, maana alikuwa akisugua meno yake kwa chumvi kila asubuhi. Kisha akautazama utando wa mzee mmoja ambaye hakusafisha meno maisha yake yote, akaona vingi zaidi.

Vijidudu hivyo vikikaa ukingoni mwa ufizi, mwili hupeleka damu mahali pale ili kupigana navyo. Ufizi hujaa, hulegea, ukingo wake huwa mnene, nao hutoka damu kwa kuguswa kidogo tu. Hapa yafaa tuseme neno juu ya rangi. Vitabu vingi husema kwamba ufizi mzima ni wa rangi ya waridi. Wengi wetu fizi zetu zina weusi wa asili, au mabaka meusi, wala huo si ugonjwa, msiende kuusugua. Tazameni ukingo: je, ni mwembamba na mkakamavu, umelishika jino? Au umevimba na kung'aa? Tena tazameni mate mnayotema.

Kwamba ukoga ndio chanzo, na kwamba dawa yake ni kuuondoa, jambo hilo lilijaribiwa kwa wazi. Mwaka 1965 daktari Harald Löe na wenziwe katika Denmark walitoa habari za watu 12 wenye fizi nzima waliokubali kuacha kabisa kusafisha meno yao. Wote 12 walishikwa na uvimbe wa fizi, wengine baada ya siku 10 hivi, wengine kufika siku ya 21. Ndipo wakaambiwa waurudie mswaki na kusafisha vizuri, nazo fizi zikapona kwa muda wa juma moja hivi. Wasomaji watafakari: watu wale walirudia kuzisafisha fizi zilizovimba, zenye kutoka damu, na huko kusafisha ndiko kulikowaponya. Laiti tungalikumbuka habari hiyo siku tulipomjibu mwalimu wetu!

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya ugonjwa, nayo hupona yote pasipo kuacha alama. Hatua ya pili haiko hivyo. Ukoga ukiachwa, chumvi za mate huugandisha ukawa mgumu kama chokaa, nao huitwa ugaga. Ugaga hauondoki kwa mswaki hata ukisugua kutwa, na juu yake ukoga mpya hupata mahali pazuri pa kushika. Ufizi huachana na jino, pakawa na mfuko kati yao. Katika kinywa kizima pana kijifereji cha milimita 1 hata 3. Kikifika milimita 4 na kuzidi, huo ni mfuko wa ugonjwa, na mswaki haufiki chini yake. Humo ndani mfupa wa taya ulioshika mzizi huanza kuliwa polepole. Ni kama mchwa katika nguzo: nyumba yasimama, chokaa yang'aa, watoto wanacheza barazani, na chini nguzo inakwisha. Mara nyingi hapana maumivu. Siku mwenye nyumba anapoona nguzo yatikisika, kazi ya mchwa ni ya miaka mingi. Na mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe. Daktari aweza kuusimamisha ugonjwa pale ulipofika, na hiyo ni faida kubwa, lakini hawezi kumrudishia mtu taya la ujana wake.

Hapo wazee hutucheka wakisema, "Babu yangu hakujua mswaki, akafa na meno yake yote." Hatusemi kwamba ni uongo. Tangu mwaka 1970 mpaka 1985 Löe huyo huyo na wenziwe waliwafuata wanaume 480, wafanyi kazi wa mashamba ya majani ya chai katika Sri Lanka, ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno. Wote walikuwa na ukoga, ugaga na uvimbe. Lakini kwa hesabu ya watu 100, kama 8 walipotewa na mfupa kwa haraka sana, 81 kwa kadiri, na 11 hawakupita ile hatua ya kwanza. Basi huenda babu yule alikuwa katika wale 11. Mjukuu wake hajui yeye yu katika fungu gani, wala hatajua mpaka meno yatikisike.

Yako mambo yanayouharakisha ugonjwa. Tumbaku ni la kwanza, tena ni ya hila, kwa kuwa hupunguza damu ya ufizi: mvutaji haoni damu katika mswaki, akajisifu kwamba fizi zake ni nzima, kumbe mfupa unaliwa. Ugonjwa wa sukari nao huzidhoofisha fizi, na fizi mbovu huifanya sukari iwe ngumu kutawalika. Kwa hiyo mwenye sukari asikose kumwonyesha daktari kinywa chake. Na mama mwenye mimba huona damu upesi zaidi kwa sababu ya mabadiliko ya mwili. Husemwa kwamba kila mtoto humtoa mamaye jino moja. Si kweli, mama zetu; mtoto hachukui jino. Jino hutolewa na ukoga ulioachwa kwa sababu mama alichoka, au alitapika asubuhi akauchukia mswaki, au aliambiwa angoje mpaka ajifungue. Asingoje. Kukwanguliwa ugaga hakumdhuru mwenye mimba, ila amwambie daktari hali yake.

Sasa tuje kwenye neno kiseyeye, maana hapo pana machafuko. Kwa watu wengi kila damu ya fizi ni kiseyeye, na dawa yake ni ndimu. Kiseyeye chenyewe ni ugonjwa mwingine, wa kukosa matunda na mboga kwa muda mrefu, na pwani yetu inazo habari zake za kale. Mwanzo wa mwaka 1498 mabaharia Wareno wa Vasco da Gama walipotia nanga mtoni katika pwani ya Msumbiji, wengi wao walivimba mikono na miguu, na fizi zao zikaota juu ya meno hata wasiweze kula. Mwezi wa Aprili walifika Mombasa, na mfalme wa mji akawapelekea kondoo, na machungwa, na malimau, na miwa. Lakini taabu kubwa ilikuwa katika kurudi kutoka Bara Hindi. Bahari iliwashika karibu miezi mitatu pasipo pepo njema, wakafa watu 30, na katika kila chombo wakabaki 7 au 8 tu wenye nguvu za kufanya kazi. Januari 1499 walipofika Malindi, neno la kwanza walilotaka wagonjwa lilikuwa machungwa. Wakaletewa, ila kwa wengi yalikuwa yamechelewa. Watu wakawa wachache hata hawakuweza kuviendesha vyombo vyote. Kimoja wakakichoma moto karibu na Mtangata, katika pwani ya Tanga.

Hata hivyo ilipita miaka mingi kabla watu hawajayapima mambo hayo kwa utaratibu. Mwaka 1747 tabibu wa merikebu ya Kiingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye (12 tena, kama wale wa Denmark), akawagawa wawili wawili, akawapa dawa mbalimbali: wengine siki, wengine maji ya bahari, na wawili machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yalikwisha siku ya 6, na tayari mmoja wa wale wawili alikuwa amerudi kazini.

Basi ndimu na machungwa huponya kiseyeye, kwa kuwa kiseyeye ni njaa ya kitu kilicho ndani yake, kiitwacho vitamini C. Lakini mtu alaye mapera, maembe, mapapai, ubuyu, na mchicha usiopikwa mno, hana njaa hiyo. Damu yake yatoka kwa ukoga, na ndimu haiondoi ukoga. Tena kusugua meno kwa ndimu, kama wafanyavyo wengine, ni kuyala meno yenyewe kwa ule ukali wake. Kula chungwa, usilisugulie.

Tuseme juu ya kusafisha, maana kusugua si kusafisha. Wengi hupiga mswaki mbele tu, mahali paonekanapo mtu akicheka, kwa nguvu na haraka, kushoto na kulia kama msumeno. Ugonjwa hauko hapo. Uko ukingoni, jino lipoingia katika ufizi, hasa upande wa ndani wa meno ya chini ya mbele na upande wa nje wa magego ya juu, ambapo mate humwagika na ugaga hujifanya upesi. Mswaki uwe laini. Uelekezwe kwa mshazari, nyuzi zake ziguse jino na ukingo wa ufizi pamoja, uchezeshwe polepole meno mawili mawili, nje na ndani, mpaka yote yaishe. Kazi hiyo haipungui dakika 2, mara mbili kwa siku, na mara moja iwe usiku kabla ya kulala. Dawa ya meno yenye floridi hufaa kwa kuzuia meno kutoboka. Ukiisha, tema, usisukutue kwa maji mengi. Kati ya jino na jino mswaki hauingii, basi pitisha uzi wa meno taratibu, ukiukumbatisha jino, usiupige chini ukaukata ufizi.

Wala asiye na mswaki wa dukani asione haya. Mswaki wa mti wafaa kabisa ukitumiwa kwa akili, nao umesafisha vinywa tangu zamani kabla duka halijajengwa. Uwe mbichi, ncha yake itafunwe mpaka iwe laini kama brashi, na ncha iliyochakaa ikatwe. Ubaya wake ni mmoja: ulivyo mnyoofu, hufika mbele kwa urahisi na nyuma kwa taabu, basi mwenye kuutumia na akumbuke pande za ndani. Mkaa, mchanga na majivu tusingependa kuviona tena mezani petu, maana hukwangua jino na kuurudisha ufizi nyuma. Na kila mtu awe na wake. Tumeingia katika nyumba njema, zenye vikombe 6 na sahani 12, tukakuta mswaki mmoja wa watu wote.

Mwenye kuanza kusafisha hivi ataona damu siku za kwanza, huenda nyingi. Asiogope wala asiache. Maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko kidogo cha chumvi katika kikombe hutuliza uvimbe, ila hayashiki kazi ya mswaki. Hapo ndipo tulipokosa. Ikiwa yapita majuma 2 ya kusafisha vizuri na damu haijakoma, pana ugaga, naye mtu aende kwa daktari wa meno. Vilevile aende mapema mwenye usaha katika ufizi, mwenye jino linalotikisika, na mwenye kutoka damu ya fizi pamoja na mavilio ya damu mwilini asipopigwa, kwani hiyo ya mwisho huenda ni maradhi ya damu, si ya kinywa. Vidonge vya kutuliza maumivu humezwa. Visisagwe vikawekwa juu ya ufizi, maana huuchoma.

Kwa daktari, ugaga hukwanguliwa kwa chombo chembamba, na mifuko yenye kina husafishwa mpaka mzizini kwa sindano ya ganzi. Baadaye watu wengine hulalamika: "Amenipanua meno, sasa yana nafasi, na maji baridi yaniuma." Nafasi ile ilikuwapo, ugaga uliijaza kama udongo katika ufa wa ukuta. Ufizi uliovimba umenywea, ukarudi kipimo chake, na mzizi uliofunikwa sasa waguswa na maji. Maumivu hayo mara nyingi hupungua kwa majuma machache. Lakini arudi tena kwa daktari kama alivyoagizwa, maana ugaga nao hurudi.

Limebaki jambo moja ambalo walimu na wazazi wa watoto wadogo walisome mara mbili. Uko ugonjwa uitwao noma, nao huanza katika ufizi wa mtoto, hasa wa miaka 2 hata 6, aliyekonda kwa kukosa chakula, au aliyetoka katika surua au malaria. Ufizi hufanya kidonda, hutoka damu, kinywa hunuka sana, na kwa siku chache tu shavu huvimba. Usipotibiwa hula shavu na mfupa, na wengi hufa. Waliopona hubaki na uso ulioharibika. Shirika la Afya Duniani liliutia katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa mwezi wa Desemba 2023. Watu huuita laana au uchawi, wakamficha mtoto ndani, na siku zile anapofichwa ndizo siku ambazo angaliponywa kwa dawa za kuua vijidudu, kusafishwa kinywa na chakula chema. Haumwambukizi mtoto mwingine. Mtoto dhaifu mwenye kidonda cha ufizi na harufu mbaya apelekwe hospitali siku ile ile, asingojewe mpaka siku ya soko.

Mwalimu wetu atuambia kwamba amekwanguliwa ugaga mara mbili, upande wa kulia kwanza na wa kushoto baada ya juma moja. Hupiga mswaki asubuhi na usiku, na damu, iliyomtisha sana siku 4 za kwanza, ilikoma kabla ya juma la pili kwisha. Jino lile la mbele lingali pale, latikisika kidogo, naye mahindi ya kuchoma huyapukuchua kwa vidole, akayatafuna kwa magego.